Madaftari mawili ya Uvira

Mji wa Uvira umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, ukitazamana na Bujumbura ng'ambo ya maji. Kwa miaka mingi mji huo ulikuwa na madaftari mawili yasiyojuana. La kwanza lilikuwa la mtambo wa maji: kila siku liliandikwa maji kiasi gani yamesafishwa na kusukumwa kwenda mjini, na siku ambazo umeme ulikatika na pampu zikanyamaza, iliandikwa sifuri. La pili lilikuwa la kituo cha kutibu kipindupindu: wagonjwa waliopokewa, tarehe, mtaa walikotoka. Watafiti walipoyaweka madaftari hayo meza moja, wakalinganisha kumbukumbu za 2009 hadi 2014, walikuta kwamba katika siku 12 zinazofuata siku ambayo bomba halikutoa maji kabisa, idadi ya waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu hupanda kwa wastani wa asilimia 155, ukilinganisha na siku ambayo mtambo umetoa maji ipasavyo. Kwa kipindi chote hicho, karibu robo ya wagonjwa wote walihusishwa na maji ya bomba kupungua au kukatika.

Asilimia hizo zinastahili kusomwa polepole, kwa sababu zinatikisa neno tulilolizoea mno. Kipindupindu, tunafundishwa tangu shule ya msingi, ni ugonjwa wa uchafu. Lakini uchafu katika lugha yetu haukai jalalani peke yake; humpanda mtu, ukawa tabia yake, malezi yake, hata sifa ya mtaa wake mzima. Sasa tujiulize: watu wa Uvira walibadilika tabia ndani ya siku 12? Mama aliyenawa mikono Jumatatu alisahau kazi ya sabuni Jumanne? Walikuwa watu walewale, wenye mila zilezile, vyoo vilevile na elimu ileile. Kilichobadilika ni bomba. Watafiti walizingatia pia majira na mvua, ili bomba lisije likabebeshwa lawama za masika. Wakaona na jambo jingine: athari ilikuwa kubwa zaidi katika mitaa iliyotumia maji ya bomba kwa wingi. Hilo linaeleweka ukilitafakari. Kwenye mitaa isiyo na bomba la kutegemea, mtambo ukizimika hapageuki mengi, kwa kuwa wakazi wake wanaishi mwaka mzima katika hali ambayo wenzao huionja siku umeme unapokatika.

Hapa ndipo anthropolojia ya tiba, taaluma inayochunguza jinsi maisha ya jamii yanavyoingia katika miili ya watu, ina la kutufunza. Haibishani na daktari kwamba kuna bakteria. Inauliza bakteria huyo amepitia wapi, na kwa nini mlango ulikuwa wazi kwa huyu ukafungwa kwa yule. Inauliza pia ni simulizi gani inayotungwa baada ya mazishi. Mwaka 1992 na 1993 kipindupindu kiliua watu wapatao 500 katika delta ya mto Orinoco nchini Venezuela, wengi wao wa jamii ya Wawarao. Mwanaanthropolojia Charles Briggs na daktari wa afya ya jamii Clara Mantini-Briggs walifuatilia vifo hivyo kijiji kwa kijiji, wakaandika kitabu kilichotoka 2003. Walionyesha jinsi maofisa walivyoelekeza kidole kwenye utamaduni: Wawarao wanakula kaa, Wawarao hawajali usafi, Wawarao hawataki tiba ya kisasa. Maelezo hayo yaliwaondolea wenye mamlaka mzigo wa kueleza kwa nini delta nzima iliishi bila maji salama, na kwa nini zahanati zilikuwa chache na hazina vifaa. Utamaduni ukishatajwa kuwa chanzo, hakuna anayedaiwa kisima.

Pengine msomaji atasema haya ni maneno ya siasa, ugonjwa ni suala la mwili. Basi tuingie mwilini. Bakteria wa kipindupindu huuawa kwa wingi na tindikali ya tumboni, ndiyo maana kwa kawaida mtu mwenye afya huhitaji kumeza idadi kubwa mno kabla ya kuugua. Kwa hiyo linalotisha ni mazingira ambamo kinyesi kinarudi kwenye kikombe tena na tena, na tumbo lililodhoofishwa na utapiamlo halina ngao yake kamili. Kisha ipo hesabu ya dumu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanakadiria kwamba mtu mmoja anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku ili mahitaji yake ya msingi yatimie bila hatari kubwa kwa afya. Chukua hiyo 50. Kaya ya watu watano inahitaji lita 250, yaani madumu 12 ya lita 20 na nusu ya jingine, na kila dumu lina uzito wa kilo 20. Hakuna mwanamke wala mtoto atakayebeba mzigo huo kila siku kutoka ziwani. Atabeba madumu matatu au manne, kisha ataamua: ya kunywa, ya kupikia, ya kumwogesha mtoto. Kunawa mikono baada ya choo hukatwa kwanza, si kwa ujinga, bali kwa sababu kwenye bajeti ya maji kiu na njaa hutangulia. Mkaa wa kuchemshia nao unanunuliwa. Tangazo la redio linalosema chemsha maji na unawe kwa maji yanayotiririka ni sahihi kisayansi. Lakini kwa kaya hiyo linadai fedha na maji ambayo haina.

Mabomba yenyewe yana historia, na katika miji yetu historia hiyo ipo hata kwenye majina ya mitaa. Wakazi wa Dar es Salaam walizoea kuugawa mji wao kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mgawanyo huo haukuwa wa mazoea tu: tawala za Kijerumani na Kiingereza ziliugawa mji kwa kanuni za ujenzi na mipango ya kanda, zikitoa hoja ya afya, na huduma zikafuata kanda. Uhuru ulifuta sheria za ubaguzi, lakini bomba lililozikwa ardhini halifutwi na sheria. Watafiti waliopima matumizi ya maji majumbani Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1960, kisha wengine wakarudi sehemu hizohizo miaka 30 baadaye, walikuta kwamba wenye mabomba walikuwa wakipata maji machache kuliko zamani, na kwamba mijini, wasio na mabomba walitumia zaidi ya mara tatu ya muda wa awali kuyatafuta. Miji ilikuwa imepanuka, mitambo ikabaki ileile au ikachakaa. Na maji ya mnyonge ni ghali: ripoti ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa ya 2006 ilieleza kwamba wakazi wa mabanda ya Nairobi hulipa kwa kila lita mara tano hadi kumi ya wanacholipa wakazi wa mitaa ya kitajiri ya jiji hilohilo. Sioni namna ya kuliita hilo suala la tabia.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito zaidi: kwamba chanzo ni mazingira, si mgawanyo wa jamii. Mwanasayansi wa Marekani Rita Colwell na wenzake walionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu ana makazi yake majini hata pasipokuwa na mgonjwa, akijishikiza kwenye wadudu wadogo sana wanaoelea kwenye maji ya pwani na midomo ya mito. Joto na mvua humchochea. Hilo ni kweli, na anayeandika kuhusu tofauti za kijamii bila kulitaja anapunja ukweli. Colwell alikwenda mbali zaidi: Bangladesh, wanawake waliofundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa walipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Nauheshimu sana ugunduzi huo. Lakini asili hutoa hatari, haiamui nani atakutana nayo kikombeni. London ya 1854 ni ushahidi wa zamani usiochakaa. Kampuni mbili za maji zilipitisha mabomba yake katika mitaa ileile, nyumba hii ya kampuni moja na jirani yake ya nyingine, tajiri na maskini wakiwa wamechanganyika. Moja ilikuwa imehamishia mahali pake pa kuchotea juu ya mto Thames, mbali na majitaka ya jiji. Nyingine iliendelea kuchota palipochafuka. Daktari John Snow alihesabu vifo 37 kwa kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza, na 315 kwa za pili. Mto ulikuwa mmoja. Na tunajifunza pia kwamba fedha zenyewe hazimkingi mtu: tajiri aliyeunganishwa na bomba baya alikufa kama jirani yake. Leo tajiri anaokoka kwa kuwa fedha zimemnunulia kisima kirefu, tangi la akiba na maji ya chupa, akajitenga na bomba la wote, na siku linapokauka yeye haoni dharura yoyote.

Pingamizi la tatu linauma zaidi kwa sababu hutolewa na watu wema, mabwana afya na walimu: ukisema hivi, hutawapa watu kisingizio cha kukaa bila choo? Sijasema kunawa mikono hakufai. Sabuni huokoa watoto. Nasema wajibu usipimwe kwa asiye na maji peke yake. Mlipuko ulipoikumba Lusaka kuanzia Oktoba 2017, jeshi lilishirikishwa kuwaondoa wachuuzi mitaani, ilhali katika vitongoji kama Kanyama watu walikuwa wakinywa maji ya visima vifupi vilivyo jirani na vyoo vya shimo. Mchuuzi anaonekana, kwa hiyo anaondoleka. Kisima kifupi hakionekani kwenye picha ya habari, na kukifunga kunamdai mtu alete bomba.

Hoja ya mwisho ni ya muda: mabomba ni kazi ya miaka, chanjo na maji ya chumvi na sukari ni kazi ya leo. Nakubali bila kusita. Kipindupindu kikali kikiachwa bila tiba kinaweza kuua hadi nusu ya wanaokipata. Kikitibiwa kwa wakati, wanaokufa hawafiki asilimia moja. Goma, Julai 1994, kati ya wakimbizi 500,000 na 800,000 walitua juu ya mwamba wa volkano usiochimbika kisima wala choo, na ndani ya mwezi mmoja watu karibu 50,000 walikufa, kipindupindu na kuhara damu vikiwa vinara. Pale kila paketi ya dawa na kila dripu vilikuwa uhai. Lakini chanjo ya kumeza haimkingi mtu maishani, na dripu humrudisha nyumbani mgonjwa aliyepona, kwenye ziwa lilelile alikochota.

Kwa hiyo ninachokiomba ni kidogo na hakihitaji mkopo. Penye mtambo wa maji huwekwa hesabu ya maji yaliyosukumwa, na penye kituo cha tiba huwekwa hesabu ya wagonjwa. Hesabu hizo zikutane kila wiki kwenye meza ya mganga mkuu wa wilaya. Siku pampu inapozimika, klorini, madumu ya maji safi na wahudumu viondoke ghalani siku hiyohiyo kuelekea mitaa iliyokauka, kabla zile siku 12 hazijaanza kuhesabika. Na tangazo la mlipuko, linapotaja idadi ya waliougua na waliokufa, litaje pia bomba la mtaa wao lilikuwa limekaa siku ngapi bila maji.