Simu mpya au betri mpya? Hesabu ya mchuuzi wa Igogwe

MCHUUZI wa ndizi wa Igogwe, wilayani Rungwe, anapopiga picha mikungu yake na kuituma kwa mnunuzi aliyeko soko la Mabibo, Dar es Salaam, picha hiyo ndiyo sampuli ya mzigo, na jibu linalorudi ndiyo bei. Simu ikizima kabla ya jibu kufika, atauza kwa bei anayotajiwa na dalali aliyesimama mbele yake, kwani ndizi iliyokwisha kukatwa haingoji.

Kwa hiyo suala la kubadilisha simu katika eneo hili la ndizi, viazi, chai na maparachichi si suala la fasheni. Ni suala la mtaji. Matoleo mapya huingia madukani Tukuyu na Mbeya mjini kila mwaka. Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya Kichina, Transsion ya Shenzhen, zinagombea wateja na Samsung, Xiaomi na nyinginezo. Matangazo husifu kamera na wembamba wa simu. Mfanyabiashara anapaswa kuuliza jambo jingine: simu hii itafanya kazi miezi mingapi, na kila mwezi itamla shilingi ngapi?

Kazi ipi inahitaji simu janja

Kutuma na kupokea fedha hakuhitaji simu ya gharama. M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, hupatikana kwa kubonyeza *150*00# hata kwenye simu ya kitochi. Anayetumia simu kwa kazi hiyo na maongezi tu hana sababu ya kuongeza gharama.

Simu janja inahitajika kwa picha za mzigo, makundi ya WhatsApp yanayopashana bei, programu za benki, na kwa mwekezaji mdogo, programu ya Hisa Kiganjani ya Soko la Hisa la Dar es Salaam. Aliyenunua hisa za Vodacom kwa Sh. 850 zilipouzwa kwa umma mwaka 2017 anaweza leo kufuatilia bei yake akiwa shambani. Lakini kadiri simu inavyobeba akiba ya mtu, ndivyo usalama wake unavyozidi kuwa muhimu kuliko kamera.

Simu hufa ikiwa nzima

Wengi hudhani simu huisha pale kioo kinapovunjika. Ukweli ni kwamba simu nyingi huisha kazi zikiwa bado zinawaka. Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android ya chini ya toleo la 5.0. Mei 2025 ikawa zamu ya iPhone zisizofikia iOS 15.1, ikiwamo iPhone 6 ya mwaka 2014. Mwaka huo huo wa 2025 WhatsApp iliondoka pia kwenye vitochi vya KaiOS, ambavyo wengi walivinunua kwa ajili ya WhatsApp hasa.

Kwa sababu hiyo, kitu cha kwanza cha kuuliza dukani ni muda ambao mtengenezaji ameahidi kuipatia simu masasisho ya usalama. Tofauti ni kubwa. Samsung iliahidi miaka sita kwa Galaxy A16 iliyotoka mwaka 2024, na miaka saba kwa Galaxy S24 ya mwaka huo huo. Simu nyingi za bei ya chini hupata muda mfupi zaidi, na nyingine haziambatani na ahadi yoyote ya maandishi. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo anauza boksi, hauzi muda wa kazi.

Boksi nalo lisomwe kwa makini. Maandishi ya "GB 8" mara nyingine hufuatwa na herufi ndogo za "4+4". Maana yake ramu halisi ni GB 4, na nne nyingine ni nafasi ya kuhifadhia inayoazimwa kusaidia kazi ya ramu. Nafasi hiyo ina mwendo wa pole, hivyo simu ya namna hii isilipiwe bei ya simu yenye ramu halisi ya GB 8.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano wa mchuuzi mwenye njia nne mbele yake. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu; kila mmoja aweke za dukani kwake.

Njia ya kwanza ni simu mpya ya bei ya chini ya Sh. 240,000 inayotazamiwa kudumu miaka miwili. Gharama yake ni Sh. 10,000 kwa mwezi. Njia ya pili ni simu ya daraja la kati ya Sh. 420,000, pamoja na Sh. 30,000 za kubadilisha betri mara moja, kwa miaka minne. Hiyo ni Sh. 9,375 kwa mwezi. Njia ya tatu ni simu ya mtumba ya jina kubwa kwa Sh. 350,000, iliyobakiza miezi 15 ya kazi ya kuaminika. Hiyo inafika Sh. 23,333 kwa mwezi.

Njia ya nne husahauliwa: kubaki na simu ya zamani na kuitia betri mpya ya Sh. 30,000. Ikidumu mwaka mmoja tu, gharama ni Sh. 2,500 kwa mwezi. Betri za lithiamu huchoka kwa kuchajiwa, na baada ya mizunguko mia kadhaa uwezo hushuka hadi kama asilimia 80 ya ule wa awali, kisha huendelea kupungua. Simu inayozima saa nane mchana mara nyingi haina ugonjwa mwingine.

Hesabu hii inaonyesha kuwa kati ya simu ya bei ya chini na ya daraja la kati tofauti kwa mwezi ni ndogo. Anayeangusha simu mara kwa mara, au anayeiweka juu ya magunia, hana haja ya kubeba Sh. 420,000 mfukoni. Mwenye uangalifu, na mwenye programu za benki na hisa, atanufaika na muda mrefu wa masasisho.

Mtego wa mkopo

Njia inayovutia wasio na fedha taslimu ni kulipa kidogo kidogo. Simu ile ile ya Sh. 240,000 ikichukuliwa kwa kianzio cha Sh. 50,000 na Sh. 900 kila siku kwa mwaka mzima, jumla hufika Sh. 378,500. Mnunuzi ameongeza Sh. 138,500, na gharama ya miaka miwili imepanda hadi takriban Sh. 15,770 kwa mwezi.

Hata hivyo, riba si hatari pekee. Simu nyingi za mkopo hufungwa kwa mbali mteja anapochelewa kulipa. Kipato cha mchuuzi hufuata mavuno na hali ya barabara, wakati deni hudai kila siku. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili magari huweza kukwama njia za mashambani kwa siku kadhaa. Simu ikifungwa wakati huo, mchuuzi hupoteza pia mawasiliano na mnunuzi ambaye fedha yake ndiyo ingelipa deni. Anayekopa ahakikishe malipo ya angalau mwezi mmoja yamewekwa pembeni kabla ya kusaini.

Mtumba, mtandao na mvua

Kwa simu ya mtumba, namba ya IMEI yenye tarakimu 15, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#, ilingane na ya kwenye boksi na risiti. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizima simu bandia nchini, na mamlaka hiyo iliweka namba 15090 ya kutumiwa IMEI ili kuhakiki. Dakika mbili za uhakiki ni nafuu kuliko kununua simu ya wizi.

Kuhusu 5G, Vodacom iliizindua nchini mwaka 2022, lakini mnunuzi hana sababu ya kuilipia kama mnara wa karibu hautoi huduma hiyo. Katika nchi ya vilima kama Rungwe lililo muhimu zaidi ni 4G ya masafa ya chini, yaani megahezi 700 na 800, yanayofika mbali zaidi. Simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine huenda isiyapokee yote. Dawa ni kuweka laini yako ndani ya simu na kuijaribu kabla ya kulipa. Alama ya IP54 kwenye boksi, inayoonyesha kinga dhidi ya vumbi na matone ya maji, ina faida zaidi kwenye mvua na ukungu wa Igogwe kuliko kamera ya nne.

Mwelekeo wa bei

Wanaosubiri bei zishuke wawe waangalifu. Msamaha wa VAT kwa simu janja, ulioanza mwaka wa fedha 2021/22, uliondolewa mwaka uliofuata. Aidha, mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya chipu za kumbukumbu ilipanda kwa kasi duniani, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye kompyuta kubwa za akili mnemba. Oktoba mwaka huo Xiaomi ilitaja gharama hizo ilipoeleza bei ya simu zake mpya za Redmi K90. Simu za bei ya chini huumia zaidi kwa kuwa faida yake ni nyembamba. Mtengenezaji asipopandisha bei, huweza kupunguza GB.

Katika hali hiyo, mwenye simu inayopokea WhatsApp na yenye nafasi ya kutosha aanze kwa fundi wa betri. Ambaye simu yake imeachwa na programu anunue kwa fedha taslimu, aangalie muda wa masasisho na ramu halisi, na adai risiti ya EFD. Tofauti itakayobaki mfukoni iongezwe kwenye mtaji wa mikungu.