Nkololo: Ngazi tano kabla ya fedha ya soka

Mfanyabiashara wa Nkololo, wilayani Bariadi, anaijua hesabu ya pamba. Mbegu na dawa hulipiwa mapema, na fedha hurudi soko likifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei. Anapofuatwa dukani achangie timu ya kata, anaingia katika kilimo kingine ambacho mavuno yake husubiriwa misimu mitano, na huenda yasije kabisa.

Timu ya kata huanzia ligi ya wilaya. Bingwa wa wilaya huingia ligi ya mkoa, ambayo kwa Bariadi ni ya Simiyu tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo wilaya hiyo ilikuwa Shinyanga. Bingwa wa mkoa huenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Wachache wanaofuzu huko hupanda First League, yaani Daraja la Pili la zamani, kisha Championship, iliyoitwa Daraja la Kwanza hadi mwaka 2021. Championship ina timu 16: mbili za juu hupanda Ligi Kuu moja kwa moja, ya tatu na ya nne husubiri mchujo.

Gharama hazipandi sawasawa. Wilayani zinatosha jezi, mipira na mafuta ya gari. Mkoani bado mwenye duka anaweza. Ngazi ya tatu ndiyo inayokata mtaji, kwani mabingwa wa mikoa hukusanywa katika vituo, mara nyingi mbali na nyumbani, na timu hulala na kula huko hadi itolewe au ifuzu. Hakuna mlango wa kukatia tiketi watu wa nyumbani. Ikifuzu, safari ndipo zinaanza. Kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 1,000.

Fedha kubwa iko juu kabisa. Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021, wa miaka 10 na thamani ya sh. bilioni 225.6, ni wa haki za matangazo ya Ligi Kuu.

Jirani wa karibu wa kuangaliwa ni Stand United ya Shinyanga, timu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014 na mwaka uliofuata ikapata udhamini wa kampuni ya madini ya Acacia. Ukazuka mgogoro juu ya nani hasa mwenye timu, wanachama au kampuni. Udhamini ulikatika, na mwaka 2019 timu ikashuka daraja. Pamba ya Mwanza, yenye jina la zao lenyewe, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 na kurudi mwaka 2024 ikiwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji.

Wenye mitaji mikubwa wamegundua njia ya mkato: hununua timu iliyokwisha panda. Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, ilihamishwa na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Mashabiki waliobaki Mbarali hawakuhama nayo. Kwa mwekezaji ni biashara halali. Kwa wale waliochangia nauli timu ikiwa bado chini, ni shamba lililouzwa na mazao yake.

Faida ya uhakika Nkololo, kwa hiyo, ni siku ya mechi: soda, maji, miwa, nauli za bodaboda. Mwenye kuombwa zaidi ya jezi aombe kwanza kuona katiba ya timu, imesajiliwa kwa jina la nani, na nani anaruhusiwa kutia saini siku mnunuzi akija.