Haya kwa wanafunzi wa muziki

Haya kwa wanafunzi wa muziki ni hali ya kusita na kujibana mbele ya watu, hasa mwanafunzi anapotakiwa kuimba au kupiga ala huku akitazamwa. Si ugonjwa, wala si dalili ya kukosa kipaji. Hata hivyo huweza kuathiri masomo na ustawi wake, kwa sababu sehemu kubwa ya muziki hupimwa mbele ya wengine.

Maana

Katika Kiswahili neno "haya" lina sura mbili. Kwanza ni sifa njema: mwenye haya ni mtu wa adabu, na kuambiwa huna haya ni lawama kubwa. Pili ni kule kuona soni kunakomzuia mtu kufanya jambo analolitaka. Makala hii inahusu sura ya pili. Kwa kuwa sura hizo hufanana kwa nje, mwanafunzi anayenyamaza huweza kusifiwa kwa utulivu wake, na shida yake isionekane.

Haya si sawa na upole wa mtu anayependa kukaa peke yake. Mwenye haya hutamani kujiunga na wenzake, ila anaogopa kuhukumiwa. Mwanasaikolojia Philip Zimbardo wa Marekani alitafiti hali hiyo katika miaka ya 1970 na kutoa kitabu juu yake mwaka 1977.

Inakaribiana pia na hofu ya jukwaani, ambayo huwapata hata mabingwa. Mpiga piano Vladimir Horowitz aliacha maonyesho ya hadhara kuanzia mwaka 1953 hadi 1965.

Athari katika masomo

Mtu akiogopa, mwili hutoa adrenalini: moyo huenda mbio, mikono hutetemeka na mdomo hukauka. Mwanafunzi wa hesabu anaweza kutetemeka na bado akaandika jibu sahihi. Kwa mpiga fidla, mtetemeko huo husikika katika upinde. Kwa mpiga tarumbeta, mdomo mkavu huharibu sauti. Kwa mwimbaji, pumzi huwa fupi.

Katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, somo la muziki lina sehemu ya utendaji mbele ya mtahini, mbali na usikilizaji na nadharia. Hapo alama huweza kuonyesha woga wa siku ile kuliko ujuzi wa mwanafunzi.

Mwenye haya pia huepuka kumwuliza mwalimu maswali, huchagua vipande rahisi na hujificha nyuma ya sauti za wenzake katika kwaya. Hivyo hukosa mazoezi yaleyale ambayo yangempunguzia woga.

Athari kwa ustawi

Baadhi hukosa usingizi kabla ya onyesho, hujilaumu kwa kosa dogo na hatimaye huacha muziki wanaoupenda. Wengine hutumia pombe au dawa za kupunguza mapigo ya moyo, kama propranolol. Dawa hiyo haifai kutumiwa bila daktari, na ni hatari kwa wenye pumu.

Namna ya kusaidia

Njia inayofaa ni kuzoea hatua kwa hatua: kupiga mbele ya rafiki mmoja, kisha watatu, kisha darasa, ndipo ukumbini. Kujirekodi kwa simu, kupumua polepole na kupiga pamoja na kikundi kidogo husaidia pia.

Mwalimu anaweza kumwarifu mwanafunzi mapema siku ya zamu yake badala ya kumsimamisha ghafla, na kumrekebisha faraghani. Kumcheka au kumwambia tu "usiogope" huongeza woga, na kumwondolea kabisa zamu humnyima nafasi ya kuzoea.

Haya ikizidi hata mwanafunzi akakwepa shule au watu kwa muda mrefu, inafaa amwone mshauri nasaha au daktari.