Kucheza Juu ya Ziwa

Katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, Marekani, uko mji mdogo uitwao Lake Placid, ukingoni mwa ziwa Mirror. Wakati wa joto wenyeji hupiga makasia na kupanda milima. Wakati wa baridi huteleza juu ya ziwa lile lile. Yawezekanaje? Maji yakipoa chini ya digrii 4 za Sentigredi huwa mepesi, hukaa juu, nayo huganda kwanza; chini yake samaki huishi. Mji huu ulikaribisha Michezo ya Olimpiki mara mbili, 1932 na 1980. Walakini barafu nyembamba huua. Basi wenye busara huipima unene kwanza, ndipo watoto wacheze.