Theluji ya Kilimanjaro: aliyeiona na asiyeiona wote wasema kweli

NI mabishano ya mpakani yaliyonifanya niandike makala haya. Tulikuwa Kobero, tukisubiri abiria wenzetu wagongewe mihuri waingie Burundi. Mama mmoja muuza mitumba akasema alifika Moshi mwezi wa Septemba, na Kilimanjaro haina theluji tena, umebaki mwamba mtupu. Kijana mmoja akamcheka, akatoa simu yake. Picha aliyoipiga mwezi wa Mei ilionyesha kilele cheupe pe!

"Mwalimu, wewe umesomea Tanzania, tuamulie," mama akaniambia.

Kweli, mimi nimezaliwa na kusomea Mishamo, katika makazi ya wakimbizi. Darasani tulikariri kwamba Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895 na una theluji mwaka mzima. Niliporejea nyumbani niliwafundisha wanafunzi wangu hivyo hivyo. Siku ile sikuwa na jibu, na mwalimu kukosa jibu mbele ya watu si jambo dogo.

Ndugu msomaji, nimetafuta, na jibu ni kwamba wote wawili walisema kweli. Juu ya mlima ule kuna vitu viwili. Kuna theluji mpya, inayoanguka wakati wa masika na vuli, ikafunika kilele, kisha ikaondoka kiangazi kinapokuja. Na kuna barafu ya zamani, iliyojilimbikiza kwa karne nyingi. Theluji ya wiki moja yaweza kuficha kwamba barafu inakwisha. Kwa hiyo picha moja haiamui kitu. Mfanyabiashara hajui faida yake kwa mauzo ya siku moja ya gulio. Hufungua daftari la mwaka mzima.

Daftari la mlima liko angani. Tarehe 23 Julai 1972, Marekani ilirusha setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1. Wewe uliyerejea, mwaka huo unaujua. Wazazi wetu walikuwa wakivuka mipaka kukimbia mauaji, na mwaka huo huo chombo hicho kikaanza kuipiga dunia picha. Nyingine zimefuata, hadi Landsat 9 iliyorushwa Septemba 2021. Hizi za sasa, kila moja hurudi juu ya mahali pale pale baada ya siku 16, na huona vipande vya ardhi vya mita 30 kwa 30. Setilaiti nyingine, Terra, iliyorushwa Desemba 1999, haioni kwa undani huo, lakini imepima theluji duniani karibu kila siku kwa zaidi ya miaka 20.

Utauliza: wingu nalo ni jeupe, setilaiti hulitofautishaje na theluji? Theluji hurudisha sehemu kubwa ya mwanga tunaouona, lakini humeza sehemu kubwa ya mwanga fulani wa infraredi, usioonekana kwa macho. Mawingu mengi hurudisha yote mawili. Kompyuta ikilinganisha vipimo hivyo, hujua lipi ni wingu na ipi ni theluji.

Daftari hilo linasema nini? Ramani ya mwaka 1912, iliyochorwa na wapimaji waliopanda mlima kwa miguu, ilionyesha barafu ya kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka 2007 zilibaki 1.85. Vipimo vya setilaiti vya 2021 na 2022 vilionyesha chini kidogo ya kilometa 1 ya mraba. Katika milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, haikufika hata nusu kilometa ya mraba.

Hata hivyo, tusiongeze chumvi. Walikuwapo wataalamu waliosema barafu ya Kilimanjaro ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo. Wala wakulima wa Moshi hawategemei barafu hiyo kwa maji. Maji yao mengi yanatokana na mvua na msitu wa mlimani. Anayefyeka msitu huo anawadhuru haraka kuliko barafu inayoondoka.

Zamani picha za Landsat ziliuzwa. Mwaka 2008 Marekani ilifungua ghala lake lote bure, na tangu hapo yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama. Mwaka huo huo ndio tuliorejea wengi wetu wa 1972. Baba yangu aliponipeleka kuniona shamba letu, hakuwa na hati wala picha. Alikuwa na kumbukumbu ya mwembe mmoja tu, na mwembe ulikwisha katwa. Tuliowakuta pale nao walikuwa na kumbukumbu zao za miaka zaidi ya 30, na hawakuwa waongo. Mwishowe tuligawana. Tangu hapo najua uzito wa kumbukumbu iliyoandikwa bila kukatika.

Somo langu nimelibadili. Wanafunzi sasa wanaandika tarehe kwanza, kisha walichokiona. Yule mama nilikutana naye tena Kobero, nikamweleza yote haya. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwaka huu nitapita Mei, na Septemba nitapita tena."