Maandiko ya miradi yaseme wazi yanachoomba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu maandiko ya miradi ambayo vikundi vyetu huyapeleka kwenye halmashauri, mabenki na kwa wafanyabiashara. Huku kwetu Ndanda, na naamini ndivyo ilivyo Masasi, Newala na kwingineko nchini, maandiko mengi huanza vizuri lakini huishia hewani. Msomaji hufika ukurasa wa mwisho bila kujua anatakiwa afanye nini.

Majirani huniletea maandiko hayo niyapitie kabla hawajayapeleka. Yanaeleza kikundi kilivyoanzishwa, majina ya viongozi, shida za akina mama na umuhimu wa kupiga vita umaskini. Halafu mwishoni huja maneno haya, au ndugu zake: "Tunatumaini ombi letu litafikiriwa. Tunatanguliza shukrani." Basi. Kiasi cha fedha kimejificha katikati ya jedwali, tarehe haipo, na marejesho hayakutajwa kabisa. Lawama hii haiwaangukii wanakikundi peke yao. Wengi hulipa fedha kwenye duka la uchapaji, na mchapaji huchukua andiko la kikundi cha kuku la mwaka juzi, akabadili jina na kulichapa upya. Nimewahi kuona andiko la ushonaji lililotenga fedha za chanjo ya kideri!

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hizo ni fedha za wananchi, na hakuna mkopo wa benki unaokaribia unafuu huo. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo kutokana na kasoro zilizoonekana, vikiwemo vikundi vilivyochukua fedha bila kurejesha, na mwaka 2024 ikairudisha kwa utaratibu mpya. Tangu hapo kamati inayosoma maombi ina haki ya kuwa na mashaka. Andiko lisilosema litalipa lini linayaongeza mashaka hayo lenyewe.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa kusini tumefundishwa jambo hili na korosho zetu wenyewe. Kwa miaka mingi katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, wanunuzi walileta barua zao za zabuni, zikafunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima. Mnunuzi hakuandika kwamba anaipenda sana korosho ya Newala na anatumaini atafikiriwa. Aliandika tani ngapi anazitaka na kwa bei gani. Mkulima aliyekaa chini ya mti akaelewa papo hapo, akasema ndiyo au hapana. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walisikia bei zilizosomwa wakazikataa, na Novemba mwaka huo huo Rais John Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Siku hizi mnada umehamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa, lakini mambo mawili yamebaki yale yale, kiasi na bei. Huwezi kulijibu ombi lisilojulikana.

Tuchukue mfano wa akina mama 10 wanaobangua korosho hapa Ndanda. Wanataka kununua korosho ghafi tani 2. Tuseme bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Hizo ni shilingi 6,000,000. Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kilo moja ya korosho iliyobanguliwa, kwa hiyo hata wakikadiria kwa tahadhari watapata kilo 400. Wakiuza kila kilo shilingi 25,000 watapata shilingi 10,000,000, na humo watatoa gharama za kuni, mifuko na usafiri. Hesabu hiyo ikae katikati ya andiko. Aya ya mwisho iseme hivi:

"Tunaomba mkopo wa shilingi 6,000,000 wa kununua korosho ghafi tani 2 kwa kupitia chama chetu cha msingi. Tunaomba fedha zitoke kabla ya tarehe 30 Septemba, kwa sababu minada huanza Oktoba. Tutarejesha shilingi 500,000 kila mwezi kwa miezi 12 kuanzia Januari. Tunamwomba Ofisa Maendeleo ya Jamii aje kuziona mashine zetu Jumatano yoyote, siku ambayo wanachama wote huwa kazini."

Ombi ni moja tu. Nimeona andiko linaloomba mkopo, mashine, semina, gari na mgeni rasmi wa uzinduzi, yote katika aya moja. Ofisa akilisoma huchagua lililo rahisi kwake, nalo ni semina. Tena tarehe ina sababu yake. Fedha zikitoka Februari, korosho zimekwisha kupakiwa melini Mtwara kwenda India na Vietnam, na kikundi kitabaki na deni na mashine zisizo na kazi, au kitashawishika kununua kwa njia ya kangomba, ambayo ni marufuku.

Wako watakaosema kuomba waziwazi namna hiyo ni kukosa adabu, na mkubwa hapangiwi tarehe. Mimi sikubali. Adabu ina mahali pake, nayo ni salamu na maneno ya mwanzo. Hapo mwandike kwa heshima zote. Mficha uchi hazai. Tena ofisa mwenye mafaili mengi mezani anaheshimiwa zaidi na andiko analoweza kulitolea uamuzi kuliko lile linalomlazimisha akisie.

Kwa mfanyabiashara mambo ni tofauti kidogo. Mwenye hoteli wa Mtwara mjini hawajui akina mama hawa, na kumwomba asaini mkataba wa mwaka mzima ni kumtisha. Huyo aombwe hatua ndogo: achukue kilo 5, aziuze, alipe baada ya wiki mbili, na zisizouzwa azirudishe. Iandikwe namba ya simu ya mtu mmoja ambaye kweli hupokea simu. Hata hivyo nisieleweke kwamba aya nzuri ya mwisho hutibu kila kitu. Kama korosho zimeungua au hesabu ni ya uongo, ombi lililo wazi litaufanya uongo huo uonekane mapema zaidi.

Sasa nigeukie wahusika. Kikundi kimoja ninachokifahamu kilipeleka maombi na kungoja miezi saba. Hakikuambiwa kimekubaliwa, wala hakikuambiwa kimekataliwa. Msimu ukapita. Mwananchi anayetakiwa ataje tarehe naye anastahili kupewa tarehe. Kwa hiyo naziomba halmashauri za Masasi na Newala, kila mwaka wa fedha unapoanza mwezi Julai, zibandike kwenye ubao wa matangazo wa kila kata mambo matatu: siku ya mwisho ya kupokea maombi, siku ambayo kamati itakaa, na siku ambayo kila kikundi kitapewa jibu kwa maandishi, pamoja na sababu kama kimekataliwa.

Msomaji,
Ndanda, Masasi.