Swali Lisiloandikwa

Chukua maelezo ya mtoto yaliyoandikwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi. Mara nyingi yanaanza hivi: mimi ni mwanafunzi wa darasa la tatu, naishi na bibi, siku hiyo nilitumwa kisimani. Yanatiririka hadi chini ya ukurasa kana kwamba mtoto alisimulia mwenyewe bila kuulizwa. Sivyo. Aliulizwa maswali mengi, na karatasi imeyameza yote. Kazi ya kwanza ya kamera kwenye mahojiano ya mtoto ni kulihifadhi swali. Sura ya mtoto na machozi yake vinafuata baadaye.

Maelezo hayo husafiri. Zamani misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo iligawanyika Tabora, mingine ikienda Ujiji, mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Siku hizi ni rufaa zinazokutana hapa, zikitoka Sikonge, Urambo, Kaliua na Nzega kwenda Mahakama Kuu. Jaji anayesoma jalada hajamwona mtoto. Huenda familia ya mtoto huyo ilikuwa ya vibarua wa tumbaku, ikahama msimu ulipokwisha. Kabla ya hapo mtoto alikwisha kumsimulia mama, mwalimu, mtendaji wa kijiji, askari, daktari aliyejaza fomu ya polisi ya PF3, kisha hakimu. Nyumbani huzungumza Kinyamwezi. Askari aliandika Kiswahili. Ni maneno ya nani yaliyofika kwa jaji?

Zaidi ya hayo kuna malezi. Mtoto wa kwetu amefundishwa kuamkia, kuinamisha macho na kutombishia mkubwa. Askari akimuuliza, "Alikushika hapa, siyo?" mtoto atajibu "ndiyo" kwa adabu tu, hata kama hakushikwa. "Ndiyo" hiyo ikiingia kwenye maelezo hugeuka kuwa "alinishika," na hapo hakuna tena wa kuitofautisha na ukweli.

Mhojaji aliyefunzwa huanza mbali. Anaitikia shikamoo, anauliza kuhusu shule, kisha anaweka masharti: "Usipojua, sema sijui. Nikikosea, nisahihishe." Halafu anamjaribu: "Nikisema wewe una miaka thelathini?" Mtoto akicheka na kusema hapana, amepata ruhusa ya kumkatalia mtu mzima, pengine kwa mara ya kwanza maishani. Ndipo anapoombwa: "Haya mwanangu, nieleze kilichokuleta leo." Anaachwa aseme. Akinyamaza, anaambiwa, "Ehe, kisha?" Utaratibu wa namna hii uliandaliwa na watafiti wa NICHD, taasisi ya afya ya watoto ya Marekani, na tafiti nyingi zimeonyesha kuwa swali lililo wazi huleta maelezo marefu na sahihi zaidi kuliko swali la ndiyo au hapana.

Hapa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mabadiliko ya 2016 yakaruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, kwa kuahidi kusema kweli na kutosema uongo. Adhabu ya kubaka ni kuanzia miaka 30, na kifungo cha maisha aliyebakwa akiwa na umri chini ya miaka 10. Naunga mkono sheria hii kwa moyo wote, maana makosa haya mara nyingi hayana mashuhuda wengine. Lakini neno linaloweza kubeba mzigo huo lazima lijulikane lilipatikanaje.

Marekani ilijifunza kwa uchungu. Kesi ya shule ya awali ya McMartin, California, ilianza 1983 na kuisha 1990 bila mtu kutiwa hatiani. Mahojiano yalikuwa yamerekodiwa, na wazee wa baraza walipotazama kanda waliona watoto wakiongozwa na wahojaji. Kanda hizo hazikuokoa kesi, ila zilionyesha mahali ilipoharibikia. Uingereza, tangu 1992, mahojiano yaliyorekodiwa yanaweza kusimama mahali pa simulizi la kwanza la mtoto mahakamani.

Kurekodi nako kuna masharti yake. Mhojaji na mtoto waonekane wote wawili, na saa ya ukutani pia. Sauti ni muhimu kuliko picha. Mvua juu ya bati au feni mbovu yatosha kuharibu kila kitu. Nakala halisi ifungwe kwa lakiri, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime kumbukumbu ilivyotunzwa. Na isitumike kabisa simu binafsi ya askari: video ya mtoto ikishaingia WhatsApp, ameumizwa mara ya pili.

Vituo vingi havina kamera, na havitaipata kesho. Kalamu ipo. Andika swali kama lilivyoulizwa, andika jibu kama lilivyotoka, kwa Kinyamwezi kama ni Kinyamwezi, tafsiri chini yake. Pale mtoto aliponyamaza, andika kwamba alinyamaza.